Sura ya Sita: Kuinua Pikapu kwa Vipuri vya Kujitengenezea

Kuinua pikapu ni kuongeza nafasi iliyopo kati ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi na injini, na ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu ya pande mbili, ingawa wengi wanaoifanya kazi hiyo huamini kwamba wanaliinua gari zima kutoka ardhini. Katika gari ambalo ekseli yake ni ya kipande kimoja, difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya pande mbili, hukaa kwenye ekseli hiyo, na ekseli hubebwa na matairi, kwa hiyo springi ziinuliwe zisiinuliwe, difu hubaki palepale ilipokuwa, tayari kugonga jiwe lilelile. Kinachoiinua difu ni tairi kubwa peke yake, tena kwa nusu ya tofauti ya kipenyo: gari lililotolewa tairi za inchi 29 na kuvikwa za inchi 33 limepata inchi 2 tu chini ya difu, na kazi ya springi zilizoinuliwa ni kuzipa tairi hizo nafasi ya kuzunguka na kupanda bila kula madigadi. Ni vyema ukweli huu utangulie, kwa sababu unaonyesha kwamba urefu si faida bali ni gharama, na kwamba kila inchi inayoongezwa kwenye springi hudaiwa mahali pengine: kwenye propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu), kwenye usukani, kwenye breki na katika uwezo wa gari kusimama bila kupinduka.

Gari lililowafundisha watu wengi somo hili ni Toyota Hilux, ambayo kwa Wamarekani ilijulikana tu kama pikapu ya Toyota. Toleo la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne lilianza kuuzwa mwaka 1979, likiwa na ekseli ya kipande kimoja mbele na nyuma, zote zikilala kwenye springi za majani, yaani vibamba virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa katikati. Pikapu nyeusi iliyoinuliwa ambayo kijana wa filamu ya Back to the Future anaitamani, filamu iliyotoka mwaka 1985, ni ya ukoo huohuo, na ni ya miaka yake ya mwisho, kwa maana kuanzia toleo la 1986 wanunuzi wa Marekani walipewa mbele mpya ambayo kila gurudumu hucheza peke yake likishikiliwa na chuma cha msokoto. Mpangilio huo ulikuwa mtulivu zaidi barabarani, lakini waliozoea njia za mawe kama Rubicon, inayokatiza milima ya Sierra Nevada huko California kuelekea Ziwa Tahoe, waliona magurudumu ya mbele hayashuki vya kutosha kuufuata mwamba, na viungio vyake vingi vidogo vilivunjika kirahisi kuliko ekseli ya zamani. Hapo ndipo ulipozuka utamaduni wa kukata mbele yote ya gari kwa grainda na kuchomelea mahali pake ekseli ya kipande kimoja, kazi inayohitaji hanga, shakeli, mabamba na mikono ambayo kiwanda hakikuwahi kuiuza kwa gari hilo. Inachekesha kidogo kwamba kile ambacho Mmarekani alikitafuta kwa wikendi nyingi za kuchomelea, mkulima wa Afrika Mashariki aliendelea kukipata dukani, kwani katika masoko mengi nje ya Marekani Hilux zenye ekseli hiyo mbele ziliuzwa hadi miaka ya 1990.

Mpangilio huu humvutia anayetaka kujitengenezea vipuri kwa sababu springi ya majani hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hubeba uzito, na papo hapo huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala ubavuni. Hakuna haja ya mikono mingi ya kuiongoza ekseli kama ilivyo kwenye gari la springi za koili. Vipuri vinavyobaki ni bamba, bomba, bushi na bolti, vitu ambavyo mtu mwenye mashine ya kuchomelea, grainda na drili ya kusimama anaweza kuvitengeneza. Urahisi huo, hata hivyo, ni wa chuma tu. Pembe za vipande hivyo ndizo ngumu, na karibu kila pikapu iliyoharibiwa na vipuri vya nyumbani imeharibiwa na pembe kabla ya kuharibiwa na chuma dhaifu.

Springi yenyewe inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayodhaniwa kuwa rahisi kuliko vyote. Ukakamavu wake, yaani kiasi cha mzigo kinachohitajika ili ipinde kwa sentimita moja, huongezeka sambamba na idadi ya majani na upana wake, lakini huongezeka kwa mchemraba wa unene wa jani na hupungua kwa mchemraba wa urefu wa springi. Kwa lugha ya karakana, jani lenye unene maradufu lina ukakamavu mara nane, na springi iliyorefushwa kutoka inchi 48 hadi 63, vitu vingine vikibaki vilevile, hulegea kwa zaidi ya mara mbili. Ndiyo sababu mafundi wa Marekani walijenga mazoea ya kutoa springi fupi za nyuma za Toyota na kuweka ndefu za pikapu za Chevrolet zenye inchi 63, wakizitengenezea hanga mpya, badala ya kurundika majani ya ziada kwenye springi fupi. Kuongeza majani huinua gari, naam, lakini hulifanya gumu kama mkokoteni, na gurudumu linaloshindwa kushuka shimoni halina msaada wowote kwa dereva. Afrika Mashariki huongeza majani kwa sababu nyingine iliyo halali zaidi, nayo ni mzigo: pikapu inayobeba saruji na magunia ya viazi haihitaji kucheza, inahitaji kubeba bila kulala nyuma.

Jambo moja kuhusu chuma huwashangaza hata mafundi wazoefu. Chuma laini cha kawaida, kile kinachouzwa kama bamba au fletiba, na chuma cha springi kilichokomazwa kwa moto vina ukakamavu ule ule kwa umbo lile lile. Jani lililokatwa kwenye bamba la kawaida litabeba gari siku ya kwanza kwa kimo kilekile ambacho jani la kiwandani lingebeba. Kinachovitofautisha ni kikomo cha kurejea, yaani kiwango cha mkazo ambacho chuma kikikivuka hakirudi tena kwenye umbo lake. Chuma cha kawaida cha ujenzi hufikia kikomo hicho kwenye megapaskali 250 hivi, ilhali chuma cha springi chenye kaboni ya asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, kikishapashwa moto hadi takribani nyuzi 850 za selsiasi, kikazamishwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa nyuzi 450 hadi 500 ili kupunguza wepesi wake wa kuvunjika, huvuka megapaskali 1,000. Kwa hiyo jani la chuma laini hunyooka kwenye shimo la kwanza kubwa na kubaki limenyooka.

Wahunzi wa Afrika Mashariki waliijua tabia ya chuma hiki zamani, na ndiyo maana panga, visu na mashoka mengi ya kufuliwa hutokana na springi kuukuu za malori. Lakini kile kinachomfaa mhunzi humdhuru mjenzi wa pikapu. Jani lililopashwa moto hadi likawa jekundu ili likunjwe, kisha likaachwa lipoe lenyewe, limepoteza ukomavu wake na litalala upya. Lililozamishwa kwenye maji bila kupashwa mara ya pili linaweza kukatika kama kigae. Kuchomelea ni kubaya zaidi, kwa sababu kaboni nyingi ndani ya chuma hicho hufanya eneo linalopakana na mshono kuwa gumu na lenye nyufa zisizoonekana, na springi ni kipuri kinachopindwa mamilioni ya mara. Kukunja majani yaliyolala bila moto, kwa presi au kwa nyundo juu ya fuawe, kunakubalika, mradi mwenye gari ajue kwamba sehemu ya kimo kilichorudishwa itapotea tena baada ya muda. Zaidi ya hapo, jani linunuliwe. Hakuna ujasiri wowote katika kulitengeneza.

Shakeli ni suala jingine, na hapa karakana ya nyumbani iko kwenye uwanja wake. Shakeli ni jozi ya mabamba inayounganisha ncha moja ya springi na chesisi huku ikiiacha ncha hiyo iende na kurudi, kwa kuwa springi inaponyooka kwa mzigo hurefuka, na kama ncha zote mbili zingefungwa isingeweza kucheza hata kidogo. Bamba la chuma laini la milimita 8 hadi 10 linatosha, mashimo yakitobolewa kwa drili na si kwa moto, na mabamba mawili yakiunganishwa katikati kwa kipande cha kukingama ili gari lisiyumbe ubavuni. Wanaoanza hudhani kwamba shakeli iliyorefushwa kwa inchi 2 huinua gari inchi 2, lakini ekseli iko karibu na katikati ya springi na ni ncha moja tu iliyoshushwa, hivyo faida ni inchi 1. Nyingine hugeuka kuwa mzunguko wa ekseli, ambao matokeo yake yataelezwa mbele kidogo. Mwelekeo wa shakeli nao una kanuni yake: gari likiwa limesimama, ncha ya chini ielemee upande ulio mbali na hanga isiyocheza, ili springi ikinyooka iisukume kirahisi. Shakeli iliyoelemea upande wa ndani huweza kukwama, na springi huwa kama imefungwa kwa mnyororo.

Hanga, kipande kinachochomelewa kwenye chesisi kushika ncha isiyocheza, hudai uangalifu wa mshono kuliko wa umbo. Chuma cha chesisi ya pikapu ni chembamba ukilinganisha na hanga, kwa hiyo bamba la kati huwekwa ili kuusambaza mzigo, na mishono hupitishwa kwa urefu wa fremu, si kuikata fremu kwa upana kwenye uso wa juu au wa chini, kwa maana nyuso hizo ndizo zinazobeba mkazo mkubwa fremu inapopinda, na mshono wa kukata njia huwa mahali pa kuanzia ufa. Bolti ipite kwenye kuta mbili, moja kila upande wa bushi, kwani bolti inayokatwa sehemu mbili hubeba maradufu ya ile inayoning'inia kwenye ukuta mmoja. Namba iliyo kichwani mwake si pambo: 8.8 maana yake ni kwamba chuma hukatika kwa kuvutwa kwenye megapaskali 800 na huanza kunyooka bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hizo, yaani 640. Bolti isiyo na namba haina kazi kwenye springi.

Kipuri cha nyumbani chenye sifa mbaya kuliko vyote ni bloku, yaani kipande kinachowekwa kati ya ekseli na springi ya nyuma ili kuinua gari kwa bei ya chakula cha mchana. Ubaya wake hauko kwenye uzito inaoubeba. Tairi linapoisukuma ardhi, springi hupokea msokoto ulio sawa na nguvu ya tairi ikizidishwa na umbali wa wima kutoka ardhini hadi kwenye springi. Katika gari ambalo umbali huo ulikuwa inchi 17.5, bloku ya inchi 4 pamoja na tairi lililoongeza inchi 2 huufanya uwe 23.5, na msokoto huongezeka kwa theluthi moja bila injini kubadilishwa. Nao msokoto wenyewe ni mkubwa kuliko watu wanavyofikiri: injini ya nyutoni-mita 190, ikipitia gia ya kwanza inayozidisha mara nne hivi, kisha gia nzito ya boksi ya kugawa nguvu yenye uwiano wa 2.28, kisha difu ya 4.10, hufikisha takribani nyutoni-mita 7,000 za kugawanywa kati ya ekseli mbili. Springi hujikunja kama nyoka, pua ya difu huinuka, tairi huteleza, springi huachia ghafla, na gari hurukaruka hadi kiungio cha propela kipasuke. Bloku mbili zilizopandanishwa hazifai hata kujadiliwa, na bloku ya mbele, ambako breki hufanya kazi kubwa kuliko nyuma, haifai kabisa.

Dawa ya msokoto huo ni miongoni mwa vipuri bora vya kujitengenezea. Ni mkono mrefu wa bomba nene uliofungwa imara kwenye ekseli kwa nukta mbili, juu na chini, ukienda mbele hadi kwenye chesisi, ambako hufungwa kwa shakeli yake ndogo na si kwa bolti moja kwa moja. Shakeli hiyo ndiyo siri ya kazi yote, kwani mkono huzunguka kwa tao lake na ekseli kwa tao la springi, na matao hayo mawili hayalingani. Anayeiacha shakeli huzuia msokoto, ni kweli, lakini huzuia springi pia.

Propela hudai deni lake kwa namna ya kimyakimya zaidi. Krosi, kiungio cha umbo la msalaba kinachoiruhusu propela izunguke kwa pembe, haitoi mwendo laini: pembe ikiwa nyuzi 20, upande wa pili huenda polepole kwa asilimia 6 na kisha haraka kwa asilimia 6, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi mbili zenye pembe sawa hufutiana kosa hilo, na ndiyo sababu pinioni, yaani gia ndogo inayoingia kwenye difu, hutakiwa ielekee sambamba na mhimili unaotoka kwenye boksi. Kwa ekseli ya nyuma kabari ya chuma kati ya springi na ekseli hurekebisha pembe hiyo kwa dakika chache. Kwa ekseli ya mbele mambo hayaendi hivyo.

Ekseli ya mbele hubeba pembe mbili zinazogombana. Ya kwanza ni ya pinioni. Ya pili ni kasta, yaani namna mhimili ambao gurudumu hugeukia unavyolalia nyuma kwa juu, jambo linalolifanya gurudumu lijirudishe lenyewe baada ya kona, kama gurudumu la mbele la baiskeli. Kabari inayoinua pinioni kuielekea propela huisogeza mbele sehemu ya juu ya mhimili huo na kuila kasta, na gari lisilo na kasta huzurura barabarani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kama linalotafuta njia ya kutorokea. Shakeli ndefu zilizowekwa kwenye ncha ya mbele ya springi huleta madhara hayohayo, na zikiwekwa ncha ya nyuma huiongeza kasta lakini huishusha pinioni. Njia pekee ya kuzipata pembe zote mbili ni kusaga mshono unaoshika kiwiko, yaani sehemu ya mwisho wa ekseli ambamo gurudumu hugeukia, kukizungusha kwa nyuzi chache, na kukichomelea upya. Kazi hiyo hufanywa, na hufanywa vizuri, lakini kosa lake la nyuzi mbili upande mmoja haliwezi kusahihishwa kwa kabari yoyote, kwa hiyo si ya mtu anayejifunza kuchomelea.

Usukani wa Hilux za mwanzo ulikuwa wa kusukuma na kuvuta: mkono wa sanduku la usukani ulikwenda mbele na nyuma, ukakisukuma kiwiko kupitia fimbo iliyolala kwa urefu wa gari. Kwa kuwa ekseli ya springi za majani nayo husogea mbele na nyuma kila inapopanda, gari lililoinuliwa hugeuka lenyewe kwenye tuta huku dereva ameshika usukani sawasawa. Mafundi walilitatua tatizo hilo kwa kuchukua sanduku la usukani la pikapu za kuanzia 1986, ambalo mkono wake hupiga ubavuni, na kuifanya fimbo ikatize gari kwa upana ikishika mkono uliopandishwa juu ya kiwiko. Fimbo yenyewe hutengenezwa nyumbani bila shida kwa bomba nene lenye uzi wa kushoto upande mmoja na wa kulia upande wa pili. Mikono ya juu ya viwiko, stadi zake na tairodi hununuliwa, kwa sababu springi ikivunjika gari hulala, ila mkono huo ukivunjika gari huenda linakotaka.

Kuhusu kupinduka, hesabu ni fupi. Gawa upana kati ya tairi za kushoto na za kulia kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Gari lenye upana wa mita 1.4 na kitovu kwenye mita 0.7 lina uwiano wa 1. Likiinuliwa sentimita 10 hushuka hadi 0.875, na pembe ambayo mteremko wa ubavuni unaweza kulipindua hushuka kutoka nyuzi 45 hadi takribani 41, kabla hata springi hazijalalia upande mmoja na kuipunguza zaidi. Mipira ya breki irefushwe, na spidomita irekebishwe, kwani tairi za inchi 33 mahali pa 29 huifanya isome 88 gari likiwa linakimbia 100.

Inchi 3 au 4 za springi ndefu zilizokaa kwenye hanga nzuri zitaipeleka pikapu karibu kila mahali ambapo tairi za inchi 33 zinaweza kufika, na yanayozidi hapo ni ya maonyesho. Mwenye kuifanya kazi hii asikaze bolti za bushi za mpira gari likiwa juu ya jeki, kwa sababu mpira utabaki umesokoteka maisha yake yote na kupasuka mapema. Alishushe kwanza likae kwenye magurudumu yake manne, ndipo akaze. Yu-bolti zinazoifunga springi kwenye ekseli ziwe mpya, kwani zilizokwisha kukazwa mara moja zimekwisha kunyooka, na nati zake zirudiwe kwa spana baada ya kilomita mia moja za kwanza.